Kiti Kilichopanda Mlimani

Matatu za Likoni zinazoelekea kusini hufika Kombani zikaachana. Za Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga hunyoosha na barabara kuu. Za Kwale hukata kulia zikaanza kupanda. Minazi inabaki chini, Golini inapita, na upepo wa dirishani unageuka. Joto la chumvi linakatika, inakuja baridi yenye harufu ya majani mabichi. Ukifika juu umeshaacha bahari karibu mita 400 chini yako, na mtu wa Ukunda akilala huku mwezi wa Julai huomba blanketi.

Huku ndiko serikali iliko. Ofisi ya gavana, ya kamishna wa kaunti, mahakama, vyote vimekaa katika mji mdogo unaoweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Watu wengi wako kwingine. Hoteli ziko Diani, soko kubwa liko Ukunda, hospitali kongwe iko Msambweni, miwa iko Ramisi, forodha iko Lunga Lunga. Kila nikipanda mlima huu nikiwa na karatasi ya kupigwa muhuri hujiuliza lile lile: nani alikileta kiti huku?

Hakuna aliyekileta kwa siku moja. Kiti cha utawala wa pwani hii kimehamahama. Kilikaa Vumba Kuu kwenye mikoko ya mpakani, kikavuka Wasini na Vanga, kikaja Gazi, kikagusa Shimoni, ndipo kikapanda. Na muda wote huo kulikuwa na utawala mwingine pembeni, usiokuwa na kiti wala ofisi, wa wazee waliokutana msituni. Historia ya Kwale ni ya tawala hizo mbili, ile ya kiti na ile ya kaya.

Nchi yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,270 na imepangwa kama ngazi. Kipande cha kwanza ni pwani ya mawe ya matumbawe na mchanga mweupe, nyembamba, yenye minazi, mikorosho na maembe. Cha pili ni miinuko ya chini ya mchanga mwekundu, ambayo kwa karne nyingi ilionekana kuwa ya mihogo na miwa tu, mpaka wapimaji wa madini walipokuja. Cha tatu ni milima ya Shimba, ambako mvua haina choyo. Chemchemi zake za Marere zimeinywesha Mombasa tangu enzi za Waingereza, jambo ambalo watu wa Kwale hulitaja kila mifereji yao inapokauka. Humo msituni ndimo waliko palahala, swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambao hawapatikani penginepo Kenya. Nyuma ya Shimba ndipo penye kipande kikubwa kuliko vyote, Nyika: Kinango, Samburu, Mackinnon Road, nchi ya Waduruma, ya mbuzi na ng'ombe na mahindi yanayotegemea mvua isiyotegemeka. Mtalii anayeijua Diani akipelekwa Ndavaya hatakubali kwamba yuko kaunti ile ile.

Mito ni ya kuhesabu kwa vidole. Mwachema unamwagikia Diani, Mkurumudzi unapita Gazi, Ramisi unaishia karibu na Funzi, na Umba uko kule mwisho kabisa. Umba una vituko vyake. Unatoka milima ya Usambara, Tanzania, kwa hiyo mvua ikinyesha Lushoto, Vanga hufurika jua likiwaka. Watu wa Vanga hupanda vitanda juu ya matofali kwa sababu ya mvua ambayo hawakuiona.

Juu ya watu wa kale kabisa vinazungumza vigae. Mwaka 1966 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vyungu vyenye nakshi vya zama za mwanzo za chuma, vya kama karne ya pili na ya tatu baada ya Kristo. Vyungu vya namna hiyo vikaja kuonekana sehemu nyingi za pwani na bara yake hadi Tanzania, na wataalamu wakavipa vyote jina la mahali vilipopatikana kwanza. Mwanafunzi wa akiolojia Dar es Salaam analitaja jina la Kwale kabla hajawahi kuiona. Na mlima, kumbe, ulikuwa na wafua chuma miaka 1,700 kabla ya kuwa na mkuu wa wilaya.

Wamijikenda nao wana simulizi yao. Walitoka Shungwaya, kaskazini, wakateremka pwani wakiwakimbia maadui, na waliotangulia kuondoka ni Wadigo. Wanahistoria hubishana kuhusu Shungwaya mpaka leo, wengine wakiiamini, wengine wakisema ni hadithi iliyokomaa baadaye. Wazee wa Kinondo hawabishani. Wanakwambia Wadigo walifika, wakajenga hapa, na hapa ndipo palipokuwa pa kwanza.

Kaya Kinondo ni msitu wa ekari zisizotimia mia moja, umebanwa na viwanja na hoteli za Diani upande mmoja na bahari upande wa pili. Mgeni huingia akiwa amefungwa kaniki kiunoni. Hachumi jani, haokoti kijiti, habusu mwenziwe. Ndani mna giza la kijani mchana wa saa sita, mizizi iliyoyakumbatia majabali ya matumbawe, na ubaridi unaokufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Mahali fulani pamezikwa fingo, kago la jamii nzima, na hapo mgeni hafiki. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kinondo na kaya ya Waduruma zikiwemo.

Siku hizi watu huzungumza juu ya kaya kama mahali pa ibada tu, au hifadhi ya miti adimu. Yote hayo ni kweli, lakini kaya ilikuwa mji wenye ngome ya miti, na kikao cha wazee, ngambi, kilikuwa serikali. Kilihukumu damu na mahari, kilitoza faini ya mbuzi, kilitangaza siku za kulima na siku za kukaa. Hakikuwa na askari. Nguvu yake ilikuwa kiapo, na mtu aliyekula kiapo cha uongo hakuhitaji kukamatwa na yeyote. Tena ilikuwa serikali yenye sheria ngumu za urithi. Kwa Wadigo mali ilikwenda kwa mtoto wa dada, siyo kwa mtoto wa kuzaa. Waduruma waligawa mara mbili: kuna mali ya ukoo wa baba, ukulume, kama ardhi, na kuna mali ya ukoo wa mama, ukuche, kama mifugo. Uislamu ulipowaingia Wadigo kwa wingi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya Kurani ikamweka mwana mahali pa mpwa. Wajomba na wana wakaburutana mahakamani miaka mingi, na mabwana wa Kiingereza wakajaza mafaili wasijue wamfuate kadhi au wamfuate mzee.

Chini, ufukweni, walikaa wenye kiti. Kwenye mlango wa mto Mwachema, mwisho wa ufuo wa Diani, uko msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, mnene, mfupi, umezungukwa na mibuyu. Ni wa karne nyingi na bado unaswaliwa. Mswalihina wa Ijumaa anaacha pikipiki yake chini ya mbuyu uliowaona waliokuja kwa mashua. Tiwi kuna magofu mengine. Kusini zaidi, Funzi na Bodo, wako Washirazi wa Kichifundi, na baada yao Wavumba, ambao Kiswahili chao ukikisikia Wasini utadhani wanakitania cha Mombasa. Kumbe wao wanaona ni cha Mombasa kilichoharibika.

Vumba Kuu ilikuwa karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania. Mtawala wake aliitwa diwani, na hakuwa diwani kamili mpaka apigiwe siwa. Katika karne ya 17 mji ukaachwa, watu wakahamia Wasini na Vanga, na uongozi ukaja kushikwa na masharifu wa Ba Alawi. Afisa wa Kiingereza A. C. Hollis aliyaandika masimulizi yao mwaka 1900, na bila yeye tungekuwa na machache sana. Ila Hollis aliwasikiliza zaidi wenye vilemba. Diwani hakutawala peke yake. Nyuma yake walikuwako Wadigo na Wasegeju wenye nafaka, pembe na mishale. Yeye alikuwa na nguo na vyombo vya baharini. Siku ya kutawazwa ilibidi nguo zipande kwenda kwao kwanza. Kiti kilikuwa Vanga, lakini miguu yake ilisimama kwa Wadigo.

Halafu wakaja Wamazrui, na hapa sina budi kukaa kidogo, maana hakuna mtu aliyeitikisa Kwale kama Mbaruk bin Rashid.

Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa karibu miaka mia moja kwa kiburi, ukikataa kumtii Sultani. Mwaka 1837 Sultani Sayyid Said aliwanasa wakuu wao, akawapeleka uhamishoni ng'ambo ya bahari wasirudi. Mmoja wao alikuwa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui. Waliobaki wakagawanyika, wengine wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Mwana wa Rashid, Mbaruk, akakulia katika kisasi. Alipokuwa mtu mzima Gazi ilikuwa yake. Aliwahi kupatana na kila mtawala wa pwani na aliwahi kumpiga kila mmoja wao. Akizidiwa ufukweni hupanda Mwele, boma lake la miti na miba ndani ya msitu wa Shimba. Mwaka 1882 Sultani Sayyid Barghash alimtuma Mwingereza Lloyd Mathews na jeshi la Unguja kwenda kumzingira huko. Boma likavunjwa, Mbaruk hakuwamo. Baada ya miaka michache alikuwa tena Gazi, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaona ni nafuu kumlipa posho kuliko kumpiga risasi.

Nyumba yake bado iko Gazi. Ni ya ghorofa, kuta nene, imewahi kuwa shule ya msingi. Mlango wake wa nakshi ulichukuliwa ukapelekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa hiyo ukitaka kuuona mlango wa Gazi lazima uende huko. Nilisimama mbele ya ile nafasi ya mlango mchana mmoja, mbuzi wawili wakiwa wamejinyoosha kivulini. Mtoto aliyekuwa akipita na ndoo akaniambia, bila kuulizwa, kwamba ndani mna watu waliozikwa wakiwa hai. Kila nyumba kuukuu ya pwani ina hadithi hiyo. Sikuandika jina lake wala sikumbishia.

Wakati huo Wazungu walikuwa wameshaigawa nchi bila kumuuliza Mbaruk wala diwani wala ngambi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1886 ulimwachia Sultani wa Unguja ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kisha ukachora mstari kuanzia mlango wa Umba kwenda Ziwa Jipe na kuzunguka kaskazini mwa Kilimanjaro. Vanga ikabaki upande wa Waingereza, Jasini ikawa ya Wajerumani, na kati yake ni mwendo wa mguu. Wadigo wakakatwa vipande viwili, Wasegeju vivyo hivyo, na Wavumba wakawa na mashamba nchi moja na makaburi nchi nyingine. Mpaka leo harusi ya Vanga haikamiliki bila watu wa Moa na Tanga, na wengine hawaoni sababu ya kupitia Horohoro kugongewa pasipoti kwenda kumzika shangazi.

Kampuni ikaweka kituo chake Shimoni, mkabala na Wasini, kwa sababu bandari yake ina kina na kisiwa kinaikinga upepo. Magofu ya majengo yake yangali pale, jela ikiwemo, karibu na yale mapango yaliyoupa mji jina, ambayo wenyeji wanasema walifungiwa watumwa wakingoja majahazi. Lakini Kampuni haikuwa na fedha wala umri. Mwaka 1895 alifariki liwali wa Takaungu, Kampuni ikamweka mrithi wake iliyemtaka, na aliyenyimwa akakimbilia kwa jamaa zake wa Gazi. Julai mwaka huo huo Kampuni ikaikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Vita vikamwangukia mwenye nyumba mpya. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson aliiteka Mwele na wanamaji wake. Mbaruk akatoroka tena. Akapigana vita vya msituni kwa miezi, huku Wadigo na Waduruma wakichomewa vijiji kwa kumsaidia au kwa kutomsaidia, mpaka wakaletwa askari wa Kibaluchi kutoka India. Aprili 1896 akavuka ule mstari wa Umba na wafuasi zaidi ya 1,000, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, von Wissmann. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910. Mpaka uliowakata watu wake ndio uliomwokoa.

Kuna wanaomfanya shujaa wa ukombozi. Mimi naona walakini. Alikuwa mwenye watumwa na mpenda ukubwa, na vita vyake vingi vilikuwa vya ukoo. Lakini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuitawala pwani hii akiwa amekaa ufukweni. Tangu hapo amri ilitoka kwingine. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani alikuwa ameshawapa Waingereza ukanda wake kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka, na nchi yetu ikawa wilaya ya Vanga katika jimbo la Seyidie, makao Mombasa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa kwa haraka na kwa ukatili. Wajerumani waliteremka mpaka Gazi, wakarudishwa Oktoba 1914. Januari 1915 waliwazingira Waingereza na Wahindi wao Jasini, wakawashinda. Kikosi kimoja cha upande wa Kiingereza kilikuwa cha Waarabu wa pwani chini ya Arthur Wavell, mwenye shamba la mkonge ambaye mwaka 1908 alikwenda Makka akijifanya Mzanzibari. Aliuawa Januari 1916 huko huko Mwele. Msitu ule haukuwahi kumpenda mtu mwenye bunduki.

Kufikia miaka ya 1920 ofisi ya mkuu wa wilaya, D.C., ilikuwa imeshapanda Kwale, na wilaya ikaitwa ya Wadigo. Sababu unazijua ukishalala Gazi usiku mmoja wa masika: mbu. Mzungu aliogopa malaria kuliko alivyowaogopa Wamazrui. Mlimani kuna hewa, na unaona mpaka baharini. Tena huko hakukuwa na diwani wala sharifu wala nyumba ya ghorofa ya mtu mwingine, na utawala mpya hupenda mahali pasipo na kumbukumbu. Liwali, mudiri na kadhi wakabaki pwani, vilemba vyao vikiwa safi na madaraka yao yakipungua. Likaundwa baraza la wenyeji, wazee wakaanza kulipwa kwa vikao, na ngambi ikabaki na mambo ya msituni.

Lililofanywa wakati ule kwa kalamu lilidumu kuliko la bunduki. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ndani ya ukanda wa maili kumi aje athibitishe. Aliyekuwa na karatasi, na mara nyingi alikuwa Mwarabu, Mswahili wa mjini, Mhindi au Mzungu, akapata hati. Asiyekuwa na karatasi, hata kama ana kaburi la babu na mnazi alioupanda bibi, ardhi yake ikawa ya mfalme wa Uingereza. Wadigo wengi wakaamka siku moja wakiwa maskwota. Kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi wakaletwa wafanyakazi kutoka mbali, Wamakonde wa Msumbiji wakiwemo, wakazaa, wakachonga vinyago, wakazeeka bila kitambulisho. Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu, Nairobi, kudai uraia, na mwaka uliofuata wakatajwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Shimoni na Wasini walingoja mpaka 2023.

Uhuru ulipokaribia, kiti kikagombaniwa tena. Chama cha Mwambao kilitaka ukanda ujitenge au urudi kwa Sultani. KADU ya Ronald Ngala ilitaka majimbo. KANU ilitaka Kenya moja. Wadigo na Waduruma walikuwa na hofu ya Nairobi, lakini hofu ya kurudi chini ya wenye hati ilikuwa kubwa zaidi. Tume ya James Robertson ya mwaka 1961 ikapendekeza ukanda uwe Kenya, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte wa Unguja wakakubaliana. Kadhi atabaki, Kiarabu kitafundishwa, na hati za ardhi zilizokwisha kutolewa zitaheshimiwa. Sharti hilo la tatu lilitiwa sahihi London, na anayeishi nalo yuko Waa, Tiwi na Msambweni. Skwota aliingia katika uhuru akiwa skwota.

Ule utawala wa majimbo haukumaliza miaka miwili. Ikarudi wilaya ya Kwale, akarudi D.C., mara hii Mwafrika, kwenye ofisi ile ile ya mlimani. Walitoka wanasiasa wakubwa, kama Robert Matano wa Waduruma, waziri na katibu mkuu wa KANU, lakini wilaya haikutajirika kwa ukubwa wao. Viwanja vya ufukwe wa Diani viligawiwa watu wenye majina, hoteli zikapanda, na njia za wavuvi kwenda baharini zikageuka uchochoro baina ya kuta mbili. Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa, na eneo zima likapoteza mshahara. Agosti 1997 vijana walioapishwa katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakawashambulia watu wa bara. Walikufa zaidi ya mia moja, maelfu wakahama, hoteli zikafungwa milango. Wanasiasa walitumia kiapo cha wazee kwa kazi ya uchaguzi, na hilo wazee wa kaya wengine hawajalisamehe. Chuki ya ardhi ilikuwako tayari. Walioikoka walijua kuni ziko wapi. Miaka michache baadaye ikazaliwa MRC, kundi la waliotaka pwani ijitenge, na wimbo wake wa "Pwani si Kenya", ikinukuu ule mkataba wa 1963 kama mtu anayemsomea mpangaji masharti ya nyumba.

Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyokata shauri. Kwale ikawa kaunti namba 002, maeneo bunge manne, Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, na wadi 20. Uchaguzi wa Machi 2013 ukamleta gavana wa kwanza, Salim Mvurya, aliyekaa vipindi viwili. Mwaka 2022 naibu wake, Fatuma Achani, akachaguliwa, mmoja wa wanawake saba walioshinda ugavana Kenya mwaka huo. Katika nchi ambayo ngambi ilikuwa ya wanaume na diwani alikuwa mwanamume, hilo si dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820. Chekechea zimejengwa, zahanati zimefika Nyika, wanafunzi wamelipiwa karo chini ya mpango wa Elimu ni Sasa. Wapo wanaosema kaunti imejenga kuta kuliko ilivyoajiri watu wa kuzitumia, na siwezi kuwabishia nikiwa kwenye foleni ya zahanati.

Ile ngazi ya pili ya mchanga mwekundu nayo ikatoa lake. Februari 2014 meli ya kwanza ya madini ya titani ya Base Titanium iliondoka Likoni. Familia zilihamishwa, wengine wakajenga nyumba za bati jipya, wengine fidia ikawaishia mikononi. Sheria ya Madini ya 2016 iliahidi asilimia 20 ya mrabaha kwa kaunti na 10 kwa jamii, na fedha hizo zikachelewa kwa miaka. Desemba 2024 uchimbaji ukaisha. Mvurya alipotoka ugavana alipewa wizara yenye madini ndani yake. Nadhani Rais naye ana utani wake. Mlima Mrima, ambao ni kaya na una madini adimu, bado haujachimbwa. Leseni ya kampuni iliyoutaka ilifutwa 2013 na kampuni ikashindwa kesi mwaka 2018. Na Gazi, kijiji cha Mbaruk, kinauza hewa: mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza ukaa wake nchi za nje, fedha zikirudi kwenye maji na vitabu vya shule. Si nyingi. Ila zinafika.

Jambo moja nawaomba walioko mlimani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti makumbusho na maktaba, fukwe pia. Nyumba ya Mbaruk inamong'onyoka kila masika, na mlango wake uko Mombasa. Gavana wa kwanza amemaliza, wa pili yuko kazini. Gazi isingojeshwe mpaka wa tatu.